Viazi vipi, mama? Jina moja la mmea linaloweza kuponza familia za Bibokoboko na Baraka

BIBOKOBOKO, FIZI – Katika teritwari ya Fizi, mtu akisema amenunua viazi sokoni, bado hajasema amenunua nini. Kwa mkaaji wa Baraka na vijiji vya kando ya ziwa Tanganyika, kiazi ni ule mmea unaotambaa chini kwa kamba ndefu. Kiazi chenyewe kinachemshwa na kuliwa asubuhi na chai, na majani yake, yaani matembele, yanapikwa kwa mawese na ndagala. Kwa mtu aliyekulia milimani, kuelekea Minembwe, ambako usiku ni baridi, kiazi kinaweza kuwa kile cha kizungu, pomme de terre ya Kifaransa: mmea mfupi unaosimama, wenye maua meupe au ya zambarau, unaopandwa kwa kiazi chenyewe. Majani ya huu wa pili hayaingii kwenye sufuria.

Hayaingii kwa sababu yana sumu.

Majani ya kiazi cha kizungu, mashina yake, machipukizi yake na vile vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya changa, vyote vina sumu iitwayo solanini. Kiazi chenyewe kikiachwa juani mpaka ngozi ikawa kijani, nacho kinaongeza sumu hiyo. Anayeila anaumwa tumbo, anatapika, anaharisha, kichwa kinamuuma, na mtoto mdogo au mtu aliyedhoofika kwa njaa anaweza kuzidiwa vibaya. Kuchemsha hakusaidii sana. Mama aliyezoea kupika sombe anajua kwamba kutwanga na moto mrefu huondoa ubaya wa majani, na kwa sombe ana haki. Kwa solanini, moto wa sufuria hautoshi.

Upande mwingine, matembele ni kati ya mboga bora ambazo familia isiyo na pesa inaweza kupata. Yana chuma, yana vitamini, yanachumwa leo na baada ya siku chache yamechipua tena, na hayamzuii mkulima kuchimba viazi baadaye akichuma kwa kiasi. Ndiyo maana watu wa afya wanayasifu kila mahali, na wanafanya vizuri kuyasifu.

Sasa fikiria sentensi kama hii ikitoka kwenye redio, au kwenye kinywa cha mhamasishaji wa lishe mbele ya akina mama waliokaa chini ya hema: usitupe majani ya viazi, yapike, mpe mtoto. Mama wa Baraka amesikia habari za matembele. Mama aliyeshuka kutoka milimani, ambaye maisha yake yote kiazi cha karibu kilikuwa cha kizungu, amesikia habari ya mmea mwingine kabisa. Atashangaa kidogo, kwa sababu bibi yake hakuwahi kupika majani hayo. Lakini anayesema ana kalamu na daftari, amevaa jile la shirika, na watoto wana njaa. Mtu aliyefukuzwa kwake hana nguvu nyingi za kubishana na mtu mwenye daftari.

Hakuna haja ya kungoja mtoto azikwe ndipo watu waanze kusema jina kamili.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, kwamba mkulima anajua mmea wake, na kwamba mama haendi shambani kwa kusikia jina bali kwa kuangalia jani. Kwa mkulima aliye kwake hilo ni kweli. Mama aliyelima mlima mmoja kwa miaka ishirini hawezi kudanganywa na neno. Lakini Fizi ya leo haina watu wengi walio kwao. Oktoba 2021, mapigano yalipofika Bibokoboko na vijiji vya jirani, nyumba zilichomwa na familia ziliteremka Baraka na kwingineko. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku hiyo sasa ni mkubwa wa kutumwa kuchuma mboga, na hajawahi kuona shamba la mama yake. Anajua neno. Mmea anaonyeshwa na mtu mwingine, katika ardhi ya mtu mwingine.

Na siyo watu wa Bibokoboko peke yao. Tangu 2015 kambi ya Lusenda, katika teritwari hii hii, imepokea wakimbizi kutoka Burundi. Miaka mingi kabla ya hapo, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa wakaishi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa 1996. Waliorudi wamerudi na Kiswahili cha huko, pamoja na majina ya mboga ya huko. Kwa hiyo kwenye mstari mmoja wa kuchota maji unaweza kukuta watu wa njia tatu au nne, na kila mmoja ana picha yake kichwani anaposikia kiazi, mchicha au muhogo.

Ajabu ni kwamba lugha za nyumbani hazina shida hiyo. Kwa Mnyamulenge, ibijumba ni vile vya kamba na ibirayi ni vile vya kizungu. Hawezi kuvichanganya, kama mtu asivyochanganya mbuzi na kondoo. Kirundi kinasema ibijumbu na ibiraya. Wabembe, Wafuliru na Wanyindu wana majina yao, na wazee wanayajua vizuri. Mchanganyiko unaingia pale watu hao wote wanapokutana na kuzungumza kwa Kiswahili, lugha wanayoshirikiana sokoni, kanisani, kwenye mkutano wa chefu na kwenye redio. Kiswahili kina neno kiazi, na neno hilo linapenda kutembea peke yake. Viazi vitamu, viazi vya kizungu, viazi vikuu: sifa ya nyuma ndiyo inayotofautisha, na sifa ndiyo ya kwanza kuachwa mtu akiwa na haraka.

Hata sifa yenyewe ina mtego. Muuzaji akiita “viazi vitamu, mama, njoo!” pengine anataja aina, pengine anasifu mali yake tu. Kila muuzaji husema mali yake ni tamu.

Watu wa Fizi wasione haya kwa mchanganyiko huu. Wazungu wenyewe walichanganya vibaya zaidi. Wahispania walipofika visiwa vya Karibi walikuta kiazi cha kamba, wenyeji wakikiita batata. Baadaye, kwenye milima ya Andes, walikuta mmea mwingine ambao wenyeji waliuita papa. Majina hayo mawili yakagongana midomoni mwao yakazaa patata, na Waingereza wakachukua neno hilo kwanza kwa kiazi kitamu, kisha wakalihamishia kwa kile cha mviringo. Mwaka 1597 Mwingereza John Gerard aliandika kitabu kikubwa cha mimea, akakiita kiazi hicho cha Andes kiazi cha Virginia, mahali ambapo hakikutoka. Wafaransa nao walikiita tufaa la ardhini, na sisi wa Kongo tumerithi jina hilo bila kuuliza tufaa limefikaje chini ya udongo. Ilikuwa 1753 ndipo Linnaeus wa Uswidi alipoweka kila mmoja katika ukoo wake kwa maandishi: kiazi cha kizungu pamoja na nyanya na bilinganya, kiazi kitamu pamoja na ile mimea ya kutambaa yenye maua kama tarumbeta.

Ukoo huo una kazi shambani, siyo kitabuni tu. Agronomu akisema “usipande nyanya pale ulipotoa viazi,” anazungumzia viazi vya kizungu, kwa sababu viazi hivyo na nyanya ni ndugu na wanaambukizana magonjwa, hasa ule mnyauko unaokausha mmea ukiwa bado kijani. Mtu wa Baraka aliyetoa viazi vitamu, akisikia amri hiyo bila sifa, ataacha kipande kizuri cha ardhi bila nyanya, na bila sababu. Mtu wa mlimani aliyeambiwa na jirani wa bondeni kwamba nyanya baada ya viazi haina shida, naye atapoteza nyanya zake zote. Jirani hakumdanganya, alisema kweli kuhusu kiazi chake.

Kuna pia suala la mbegu, na hapa lawama inapaswa kuelekezwa kwa wanaogawa. Kusema “tutaleta mbegu za viazi” mbele ya watu waliopoteza kila kitu ni ahadi isiyoeleweka. Viazi vitamu vinapandwa kwa vipande vya kamba, ambavyo ni vibichi na vinakauka haraka vikikawia njiani. Viazi vya kizungu vinapandwa kwa kiazi kilichochipua. Aliyetayarisha matuta kwa kamba akipewa gunia la viazi vya kizungu, na shamba lake liko karibu na ziwa ambako hata usiku ni joto, atapata majani mengi na viazi vidogo vya aibu, au hapati kabisa, kwa maana mmea huo unahitaji usiku wa baridi ili utie viazi. Familia nyingi katika hali hiyo hazitapanda, zitapika mbegu. Na nani atawalaumu? Kibaya zaidi, mbegu zikiwa zimetiwa dawa ya kuzuia wadudu au ukungu, kuzipika ni hatari nyingine.

Kamba za viazi vitamu zilizochaguliwa vizuri, kwa upande wake, zingewafaa walio bondeni na hata wengi wa milima ya kati. Kuna aina za nyama ya rangi ya machungwa zenye vitamini A nyingi, zinazosaidia macho ya watoto. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa watu wanne kwa kazi ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao, na mmoja wao ni Robert Mwanga wa Uganda, mtu wa maeneo yetu haya, ambaye alitumia miaka mingi kuzalisha viazi hivyo. Lakini kamba hizo zikifika na karatasi iliyoandikwa “viazi” tu, na mgawaji asijue kueleza, mama wa mlimani atatafuta kiazi ndani ya fungu la majani na asikione.

Viazi vina dawa rahisi: kuongeza neno moja. Muhogo ni mgumu zaidi.

Kwa wataalamu muhogo ni mmea mmoja, lakini kwa jikoni ni miwili. Upo muhogo mtamu, ambao mtu anachimba, anamenya, anachoma au anachemsha, anakula siku hiyo hiyo. Upo muhogo mchungu, ambao una sianidi nyingi na haufai kuliwa hivyo; lazima ulowekwe siku tatu au nne mpaka ulainike na uchachuke, uanikwe ukauke vizuri, ndipo utwangwe na uwe unga wa bugali. Shambani miti yao inaweza kufanana sana. Mwenye shamba anajua kwa sababu yeye ndiye aliyepanda. Mgeni aliyeruhusiwa kuchimba mstari mmoja, kwa huruma ya mwenyeji, anajua tu kwamba ameambiwa “chimba muhogo.” Ulimi unasaidia kidogo, lakini ulimi si kipimo cha uhakika.

Familia zilizotoka kwenye maziwa, mahindi na maharagi ya milimani hazina mazoea marefu na muhogo mchungu. Zikifika bondeni, zinajifunza kwa haraka na kwa njaa. Na njaa ndiyo inayofupisha siku za kuloweka. Mama anayeona watoto wanalia usiku hatangoja siku ya nne. Atautoa muhogo siku ya pili, akauanike nusu, akautwange.

Matokeo yake yana jina, na jina hilo lilitoka Kongo yetu. Konzo ni neno la Kiyaka, la watu wa Kwango, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama wenye umri wa kuzaa. Inakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri kwa wiki nyingi, bila chakula kingine cha kujenga mwili: bila maharagi, bila samaki, bila maziwa. Kwa familia ambayo ng'ombe zake zilichukuliwa na haina franka za ndagala, maelezo hayo hayako mbali.

Wala siyo ugonjwa wa Kwango pekee. Watafiti walieleza mwaka 2011 jinsi konzo ilivyojitokeza Burhinyi, teritwari ya Mwenga, mkoani humu humu Kivu Kusini, katika eneo lililovurugwa na vita. Na huko Bandundu, miaka ya nyuma, vita haikuwa sababu pekee: barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na bei ya muhogo ikapanda, watu walifupisha kuloweka ili wauze zaidi, na ugonjwa ukaongezeka. Njaa na haraka ya pesa zilifanya kazi moja.

Kwa hiyo mwenyeji anayempa mgeni shamba la kuchimba amefanya wema mkubwa, na wema huo una nusu nyingine: kumwambia ni muhogo upi. Maneno mawili tu, “huu mchungu,” na siku ngapi za kuloweka. Pengine asemi kwa sababu kwake jambo hilo liko wazi kama mchana. Nani asiyejua kuloweka muhogo? Mgeni, naye, anaona haya kuuliza asije akaonekana anachagua chakula cha kupewa.

Kuna na mti wa tatu unaojificha nyuma ya jina hili. Katika nyua nyingi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu unaota muhogo wa mti, mrefu kupita paa la nyumba, wenye majani yanayofanana na ya muhogo wa kawaida. Majani yake yanatwangwa sombe, na Tanzania wanaita mboga hiyo kisamvu cha mpira. Mpira, kwa sababu mmea huo ulitoka Brazili na Wajerumani waliupanda huko Tanganyika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa ajili ya utomvu wake, kabla ya mpira wa Asia kuangusha bei. Baadaye watafiti wa kituo cha Amani waliuzalisha pamoja na muhogo wa kawaida kutafuta mbegu inayovumilia ugonjwa wa majani, ule unaoyakunja na kuyatia madoa ya manjano. Ni mmea wa faida, basi. Lakini ni mmea mwingine, wala siyo muhogo uliozeeka. Majani yake yanataka kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunika sufuria, na mizizi yake si ya kuchimba na kuchoma. Mtoto aliyeambiwa “ule mti ni muhogo” anaweza kuchimba.

Majina mengine hayaui mtu, yanaharibu tu mazungumzo. Lengalenga ya Kongo ndiyo mchicha wa waliotoka Nyarugusu. Wawili wanaweza kubishana nusu saa wakiwa wameshika mboga moja. Ndani ya hiyo lengalenga moja kuna aina kadhaa, na mojawapo ina miiba inayochoma vidole vya mchumaji. Kamusi nyingi hutafsiri mchicha kwa jina la mboga nyingine ya Ulaya, na ile inayouzwa Nairobi kama spinachi mara nyingi ni ndugu wa bitiruti. Isogi na isogo zinatofautiana kwa herufi moja, ila ni mimea ya koo mbili tofauti. Isogo, ambayo Tanzania inaitwa mnavu, ni jina la kundi zima la mimea inayofanana, ya ukoo ule ule wa nyanya na kiazi cha kizungu. Majani yake yanaliwa yakipikwa, lakini vitunda vyake vikiwa bado vya kijani watoto wasivichezee mdomoni.

Dawa ya haya yote si majina ya Kilatini. Hayo ni mazuri kwenye karatasi ya gunia, ili agronomu wa Uvira na wa Bukavu wajue wanazungumza kitu kimoja, lakini hayapiti redioni na hayamsaidii mama aliye na jembe. Wala dawa si kuamua kwamba jina la jamii fulani ndilo la kweli na ya wengine ni makosa. Katika milima hii watu wamekwisha kugombania mambo mengi mno kuongeza na majina ya mboga. Kila jina ni sahihi pale lilipozaliwa.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinagharimu kidogo. Redio isiseme majani ya viazi bila kusema ni viazi vya kamba, na katika pumzi ile ile iseme kwamba majani ya viazi vya kizungu hayaliwi. Itaje majina matatu au manne, ya Kiswahili, Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi. Sekunde kumi zinatosha. Mashirika ya kiutu yaache kuandika “mbegu za mboga” na “viazi” kwenye orodha zao kana kwamba yanaagiza misumari. Anayegawa aje na jani mkononi, siyo picha iliyochapwa nyeusi na nyeupe ambamo kila mmea ni kivuli. Na kabla ya kuagiza, aulize. Kamati za wakimbizi zina akina mama ambao wangemweleza bure, kabla gari halijapakiwa, kwamba mbegu hii haitakubali kando ya ziwa, au kwamba jina hili kwa wenzao lina maana nyingine. Mara nyingi wanaitwa siku ya kugawa tu, kupanga mstari na kuweka dole gumba.

Wahamasishaji wa lishe nao wakubali kuulizwa. Yule mama aliyeshangaa kusikia majani ya viazi yanaliwa hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa amebeba maarifa sahihi kutoka kwake, na katika mkutano mzima pengine ndiye peke yake aliyesikia hatari ndani ya sentensi ile. Kama angeuliza “viazi vipi?” na watu wasimcheke, kikao kizima kingejifunza.

Mvua za Septemba ndizo zinazofungua msimu mkubwa wa kupanda, na magunia huanza kuzungumzwa wiki nyingi kabla. Gunia moja likifunguliwa mapema mbele ya akina mama watatu, mmoja wa Bibokoboko, mmoja wa Baraka na mmoja wa Lusenda, na kila mmoja akataja anachokiita kile kilichomo na jinsi anavyokipika, kazi hiyo haichukui zaidi ya nusu saa.